Pawasoo Zina Tabia: Mazungumzo kwa Mafundi na Wenye Miti

(Maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotolewa katika siku ya mafunzo ya wadi, mbele ya mafundi wa pawasoo, wakulima wenye miti na vikundi vya vijana vya upandaji miti.)



Ukitaka kujua jinsi fundi anavyoipenda pawasoo yake, usimwulize. Sikiliza ngeli anazotumia. Shuleni kila mtoto hufundishwa kwamba msumeno ni wa ngeli ya U-I: msumeno umekatika, misumeno imekatika. Pawasoo nayo ni ya I-ZI, pamoja na meza na redio. Lakini nenda kwenye magogo saa moja asubuhi, umande haujakauka, usikilize. "Huyu leo ameamka vibaya." "Mwache apumue kwanza." "Akishapata joto, hata mkaratusi wa miaka arobaini hamsumbui." Hakuna mtu anayesema hivyo kuhusu jembe. Hata panga la baba yako, lililokatika mpini mara tatu, hubaki kitu. Pawasoo imepandishwa ngeli, ikaketi na watu, ng'ombe na mbwa.

Tena ina majina. Kuna Simba, kuna Bosi, kuna Shosho, kuna Mwalimu. Shosho huanza polepole lakini haachi kazi. Bosi hupenda kubembelezwa. Ya Mwalimu itakuja baadaye, kwa sababu ndiyo hasa iliyoleta mazungumzo haya.

Watu wa ofisi wanaweza kucheka. Wasicheke haraka. Mafundi hawa wana sababu, na nyingi za sababu zao zinaweza kuelezwa kwa petroli, hewa na chuma.

Injini ya pawasoo ni ya mipigo miwili. Haina bwawa la oili chini kama injini ya gari. Oili yake huja ndani ya petroli, ikipita inalainisha pistoni na beringi, kisha inaungua na kutoka na moshi. Ndiyo maana fundi huchanganya kabla ya kumimina: mashine nyingi za siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 za oili katika lita 5. Ukipunguza oili, chuma hukwaruza chuma. Ukizidisha, plagi hujaa masizi na mashine hukohoa kama mzee wa kiko. Hapo tayari una mnyama mwenye chakula chake, na mwenye kununa akipewa kingine.

Kisha kuna hewa, na hapa nchi ya Kenya ina mchezo wake. Hewa ya Mombasa ni nzito. Hewa ya Eldoret, karibu mita 2,100 juu ya bahari, ni nyepesi. Ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni nyepesi zaidi. Injini ya kawaida hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Kwa hiyo fundi wa milimani hufunga kidogo skrubu ya kabureta, petroli ipungue ilingane na hewa haba. Mashine inaimba vizuri. Siku moja anapata kazi ya minazi na mikorosho kule Kilifi. Anaipakia kwenye basi, anashuka, anaiwasha. Inalia kwa sauti kali, nyembamba, yenye kasi ambayo haijawahi kuwa nayo. Fundi anafurahi: amepata nguvu ya pwani! Kumbe hewa imeongezeka na petroli imebaki ile ya milimani. Petroli chache ina maana ya oili chache na joto jingi. Baada ya muda mfupi pistoni inashika silinda, kamba haivutiki tena, na maneno yanarudi kijijini kwamba pwani ina majini yanayoua pawasoo.

Mafundi wazuri huijua hali hiyo kwa sikio. Mashine iliyorekebishwa sawasawa, ukiibana mafuta ikiwa nje ya mti, hugugumia kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Ikiingia kwenye mti na kupata mzigo, sauti inanyooka. Ikiwa haigugumii kabisa nje ya mti, simama, fungua skrubu robo ya mzunguko. Ikiendelea kugugumia hata ndani ya mti, imeshiba kupita kiasi. Hakuna kipimo cha dukani kinachoshinda sikio hilo kwa bei, na fundi aliyelipata baada ya miaka kumi ana haki ya kusema "namjua huyu".

Mashine kuukuu zina vituko zaidi. Nyingi hupata cheche kupitia vikutanishi vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufungana, na vikutanishi hivyo havipendi unyevu. Ndiyo maana asubuhi ya ukungu mashine hukataa na saa nne inakubali, bila mtu kubadilisha chochote. Ukizima mashine kubwa wakati wa jua kali, petroli iliyo ndani ya kabureta huchemka kwa joto la silinda, na ukivuta kamba mara moja haitawaka. Mafundi husema "amenuna, mwacheni". Wakiacha dakika kumi na kunywa chai, inawaka. Na ile kubwa zaidi haitaki mkono wa woga. Ukivuta kamba nusunusu, injini inarudi kinyume na kunyakua mpini kutoka vidoleni. Ukivuta kwa uamuzi, inaitika. Mtu hawezi kushika chombo cha namna hiyo mwaka mzima akaendelea kukiita "kitu".

Mashine inayotajwa zaidi na wapasuaji wa mbao wa rika la wazee ni Stihl 070. Waliowahi kuishika hawahitaji maelezo. Kwa vijana: ni injini ya silinda moja yenye ujazo wa zaidi ya sentimita 100 za ujazo. Ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga baa na mnyororo wala kumwaga petroli. Asili yake ni miaka ya 1960, nchini Ujerumani. Haina haraka. Pawasoo za leo huzunguka mara 13,000 kwa dakika au zaidi zikiwa hazina mzigo. Mzee huyu huenda karibu nusu ya hapo, lakini ukimzamisha kwenye gogo hadi shingoni hashtuki. Kwa kupasua mbao kwa mkono, ambapo mnyororo unafuata nyuzi za mti mita tatu au nne bila kupumzika, nguvu ya polepole ina faida kuliko kasi. Ndiyo sababu mashine iliyoundwa kabla wengi wa waliomo hapa hawajazaliwa bado inasikika kwenye mabonde, na mlio wake hutambulika kijiji cha pili. Mtu anasikia anasema: Fulani yuko kazini leo, na gogo ni kubwa.

Mashine zenyewe zimetoka mbali. Mnyororo wa kwanza wenye meno haukukata mti. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mwembamba wenye mishikio miwili, unaovutwa huku na huku kwa mikono, kukata mfupa wa nyonga mama aliposhindwa kujifungua, na kuondoa mifupa yenye ugonjwa. Akina mama waliopo wanaweza kushukuru kwamba walizaliwa baadaye.

Kwenye miti, Andreas Stihl wa Stuttgart alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926. Ulikuwa na uzito wa kilo 48 na ulihitaji watu wawili. Mwaka uliofuata Mjerumani mwingine, Emil Lerp, alipeleka msumeno wake wa petroli mlimani kuujaribu. Mlima uliitwa Dolmar, na jina hilo likawa la kampuni. Pawasoo ya mtu mmoja ilichelewa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hata ilipofika ilikuwa na kasoro kubwa: kabureta yake ilikuwa kama ya gari, yenye kielea. Ukiinamisha mashine, inazima. Kabureta ya kiwambo ndiyo iliyoruhusu mtu kukata akiwa ameigeuza upande wowote. Mwaka 1949 kampuni ya McCulloch ya Marekani ilitoa mashine ya aina hiyo yenye uzito wa kilo 11 hivi, na mwaka 1959 Stihl ikatoa Contra, ya kilo 12 na nguvu za farasi 6. Mwaka huohuo Husqvarna ya Uswidi, kampuni iliyoanza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, ilitoa pawasoo yake ya kwanza. Contra ndiyo mzazi wa ile 070.

Lakini kisa kinachofaa kusimuliwa zaidi kwenye magogo ni cha Joseph Buford Cox. Alikuwa mkata miti katika jimbo la Oregon, Marekani. Minyororo ya wakati huo ilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono. Ilikwaruza mti badala ya kuukata, na fundi alishinda na tupa mkononi kuliko na mashine. Mwaka 1946 Cox alipasua kisiki akaona buu la mdudu wa mbao akila mti kwa raha, kufuata nyuzi na kukata nyuzi, bila kujali. Alichunguza taya zake. Taya zilikuwa mbili, zimepinda, moja ikikata kushoto na nyingine kulia. Akatengeneza jino la chuma la umbo hilo, moja likitazama kushoto, linalofuata likitazama kulia, na mnyororo wake ukaanza kuuzwa mwaka 1947. Tazama mnyororo wa mashine yako leo: meno yale bado yamepangwa hivyo. Kila mara unaponoa kwa tupa, unanoa taya za buu.

Upendo huu hauko Kenya peke yake. Marekani kuna wazee wanaokusanya McCulloch za manjano na Homelite za zamani, wakikutana siku za mapumziko kuziwasha tu, kila mtu asikie. Katika mashindano ya ukataji miti kuna kipengele ambapo washindani huleta misumeno waliyoiunda wenyewe, mingine ikiwa na injini kubwa za magari ya theluji, mashine ambazo mtu mmoja huzibeba kwa shida, na kazi yake yote ni kukata vipande vitatu vya gogo kwa sekunde chache. Haina faida yoyote ya shamba. Watu hulipa kiingilio kuisikia.

Basi tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba mashine zenye tabia nzuri ya kusimulia mara nyingi ni zile zisizo na breki.

Mafundi wanajua neno "teke". Ncha ya baa ina robo ya juu ambayo haipaswi kugusa kitu. Ikigusa, tawi lililofichika nyuma ya gogo, jiwe, hata ncha ya gogo la pili, jino linalozunguka hapo haliwezi kukata, linashika. Nguvu yote ya injini inageuka na kuirusha baa juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeshika. Hutokea kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla jicho halijapeleka habari mkononi. Hakuna fundi mwepesi kuliko teke. Mtu akikwambia yeye huliona likija, ujue bado halijamjia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa Ulaya walianza kufunga breki ya mnyororo: kile kikinga kilicho mbele ya mshikio, ambacho kikisukumwa na mkono au na mrusho wenyewe husimamisha mnyororo papo hapo. Kabla ya hapo, na katika mashine nyingi kuukuu zinazozunguka huku hata leo, hakuna kitu kati ya teke na uso isipokuwa bahati. Na breki ikiwepo, wapo wanaoifungua na kuitupa kwa kuwa "inasumbua". Leo asubuhi maafisa walipokuwa wakikagua mashine pale mlangoni walikuta kadhaa za namna hiyo. Wenyewe wanajijua.

Kuna madhara mengine ya polepole. Pawasoo ina kelele ya zaidi ya desibeli 100. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu kwamba katika desibeli 100 sikio lisilo na kinga lina dakika 15 tu kwa siku kabla ya kuanza kuumia. Dakika kumi na tano! Hizo huisha kabla gogo la kwanza halijageuzwa. Mitetemo nayo huharibu mishipa midogo ya damu na neva za vidole. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa nchi za baridi waliandika juu ya wakata miti ambao vidole vyao hugeuka vyeupe na kufa ganzi kila asubuhi ya baridi, na ndiyo sababu mashine za baadaye zilitenganishwa na mishikio kwa mipira au springi. Mzee mwenye 070 hana mipira hiyo. Mwulize kama anaweza kufunga vifungo vya shati mwezi wa Julai.

Sasa ya Mwalimu.

Fundi mmoja wa sehemu za juu za kaunti, ambaye ameomba asitajwe jina ingawa wengi hapa mtamtambua, alinunua pawasoo kubwa kuukuu kutoka kwa kiwanda cha mbao kilichokuwa kinafunga. Aliipa jina Mwalimu kwa kuwa ilimwadhibu kila alipochelewa: ikiwashwa kabla ya jua kuwa kali, inafanya kazi siku nzima, ikiwashwa saa tano, inakataa hadi jioni. Kwa Mwalimu alijenga nyumba ya mawe, akasomesha watoto wanne, na akapasua mbao za paa za makanisa mawili na madarasa yasiyohesabika. Huisafisha kichujio kila jioni kabla ya yeye mwenyewe kuoga. Mkewe husema hivyo mbele ya wageni, naye habishi.

Msaidizi wake alikuwa mtoto wa dada yake. Siku moja walikuwa wakipasua msaipresi uliolala mtelemkoni. Kijana alikuwa amesimama karibu, akishika kabari, karibu kuliko inavyofaa, kwa sababu wamefanya hivyo miaka mingi. Ncha ya baa ilipenya upande wa pili na kugusa kisiki cha tawi ambacho hakuna aliyekiona. Mwalimu alipiga teke. Fundi mwenyewe aliangushwa chali, na mashine ilipokuwa inazunguka hewani ilimpitia kijana begani.

Aliishi. Alishonwa kutoka bega hadi karibu na kiwiko, na mkono ule hadi leo haunyanyui debe la maji. Dada mtu hakuzungumza na kaka yake tangu msimu wa kupanda hadi mavuno. Alipozungumza, alisema jambo moja: "Wewe ulimjua huyo mnyama kwamba anapiga. Ukamweka mtoto wangu karibu naye."

Fundi aliitundika mashine ghalani. Akanunua nyingine, ndogo, mpya, yenye breki na mishikio ya mipira, aina ambayo hata kabureta hujirekebisha yenyewe kwa umeme. Huwaka kila anapovuta. Walipomwuliza inafanyaje kazi, alijibu: "Anakata vizuri. Lakini hana cha kusema."

Jibu hilo lilirudiwa ofisini na watu wakacheka, kisha kicheko kikakwama. Kwa maana kampeni nyingi za usalama husema kana kwamba fundi ni mjinga au bahili, kwamba anang'ang'ania mashine kuukuu kwa kuwa hajui au hana pesa. Huyu alijua, tena pesa alikuwa nazo. Alichokuwa akiulizwa aache ni rafiki wa kazi wa miaka mingi, aliyemjua kwa mlio, kwa harufu na kwa hasira zake. Bango lenye picha ya kofia ngumu haliwezi kujibu hilo.

Alichofanya mwisho ni hiki. Mwalimu alirudi kazini, lakini kwa masharti. Haangushi mti tena wala hakati matawi, kazi ambazo ncha ya baa hukutana na vitu usivyoviona. Hizo ni za mashine yenye breki. Mwalimu hupasua tu, gogo likiwa limelala chini, limesafishwa matawi pande zote na kuzungukwa kwa miguu kabla ya kuwashwa. Kabari hupigwa mashine ikiwa imezimwa. Hakuna mtu aliye karibu. Fundi huvaa kofia yenye wavu wa uso na vifuniko vya masikio, na kidole gumba cha kushoto hupita chini ya mshikio, si juu, kusudi mkono usifunguke. Hasimami nyuma ya mstari wa baa bali pembeni yake. Na hakuna kijana yeyote wa familia anayeruhusiwa kuvuta kamba ile. Wanajifunzia kwenye ile isiyo na cha kusema.

Wapo maafisa wa usalama watakaosema hata hivyo haitoshi, kwamba mashine isiyo na breki mahali pake ni ghalani. Wana hoja. Anayenunua leo asinunue isiyo na breki, hata akipewa kwa bei ya kuku. Lakini kati ya fundi aliyekatazwa ambaye anaendelea kwa siri na fundi aliyeiwekea mashine yake masharti na kuyafuata mbele ya majirani, wa pili ndiye anayeweza kufundisha wenzake.

Kwa mafundi mlioajiri vibarua, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa mfanyakazi. Kibarua wa siku moja naye ni mfanyakazi. Kofia, kinga ya masikio, buti na suruali ya kukingia si vya kukatwa kwenye mshahara wake.

Kwa wenye miti, neno moja la hesabu. Mnyororo mpana ukipasua kwa mkono hula karibu milimita 10 kila ukipita. Mipasuo mitano ni sentimita 5, yaani mbao mbili za inchi moja zimegeuka vumbi kwenye kila gogo. Baada ya kungoja msaipresi wako miaka 25, uliza fundi kama atapiga uzi wa kunyoosha, na mnyororo umenolewa lini. Vumbi laini kama unga ni dalili ya mnyororo butu. Mnyororo mkali hutoa vipande vinavyoonekana. Mti mkubwa, wa thamani, karibu na barabara nzuri, huenda ukafaa zaidi upelekwe kwenye mashine ya kiwandani. Na mti ulio karibu na nyaya za umeme usiguswe na mtu yeyote kabla Kenya Power hawajaarifiwa, hata fundi akiapa kwamba ataulaza upande wa pili.

Kuhusu vibali, mengi yameshaelezwa na afisa wa misitu asubuhi. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 hairuhusu mtu kuingia na pawasoo katika msitu wa umma bila idhini, hata kama hajakata kitu. Mbao na magogo yakisafiri yanahitaji kibali cha usafirishaji cha KFS. Ukiwa na shaka, pita ofisi ya misitu kabla ya kuwasha mashine. Ukishawasha, maelezo huwa magumu.

Mtakumbuka Februari 2018, serikali ya taifa iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma. Ilitangazwa kuwa ya siku 90, ikaongezwa tena na tena. Mashine nyingi zililala na petroli ndani. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa miezi huacha utomvu unaoziba matundu ya kabureta, na wengi waliporudi kuziwasha waliambiwa na makanika kwamba wanunue mpya. Anayetaka kulaza mashine amwage petroli yote, aiwashe ikate yenyewe kwa kukosa, atoe mnyororo aupake oili, na aihifadhi pakavu. Aliyefanya hivyo alimkuta rafiki yake kama alivyomwacha.

Na vijana wa vikundi vya miche msidhani mazungumzo haya hayawahusu kwa kuwa kazi yenu ni kupanda. Miti mnayopanda sasa kuelekea lengo la taifa la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ile ya mashambani itavunwa siku moja, na itavunwa na mtu aliyeshika mashine. Heri mmoja wenu awe ndiye fundi, mwenye sikio zuri na vidole vyote kumi.

Baada ya chai mafunzo yataendelea pale chini ya mgrevilea. Kutakuwa na meza tatu: ya kunoa mnyororo kwa tupa ya duara na kupunguza jino la kina, ya kurekebisha kabureta kwa sikio, na ya kukagua breki. Mashine itakayokutwa na breki iliyofunguliwa mwenye nayo aonyeshwe jinsi ya kuirudisha. Vipuri vya aina za kawaida vimeletwa na wauzaji, bei zimebandikwa ukutani.

Mwalimu mwenyewe yupo, ameletwa kwa toroli, amefunikwa gunia. Mwenye naye amekubali kumwasha mara moja, mchana, ingawa anasema saa hizi huenda akakataa. Gogo limeshasafishwa na kuzungukwa. Watu wazima wasimame nje ya kamba nyekundu, watoto wabaki upande wa jukwaa na mama zao, na mtu asisogee hadi mnyororo usimame.